DDNS imegoma? Linganisha kwanza anwani tatu

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kiboriloni analalamika kwamba kamera hazifunguki akiwa safarini. Meneja wa ofisi ya utalii iliyopo Sakina, Arusha, anasema seva ya ofisini haipatikani tangu umeme ulipokatika usiku. Mwenye shamba la kahawa Usa River anasema jana kamera zilifunguka kwenye simu yake, leo zinafunguka kwenye simu ya mkewe tu. Wote watatu watampigia fundi na kumwambia kitu kilekile: "DDNS imegoma." Na mafundi wengi wataitikia kwa namna ileile. Wanafungua ukurasa wa Dynamic DNS kwenye ruta, wanafuta jina, wanaweka jipya, wanazima na kuwasha kila kitu. Ikikubali, hakuna anayejua kilichopona. Ikikataa, wanaanza upya.

Malalamiko hayo yana vyanzo tofauti, na dawa ya kimoja haigusi kingine. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kubadilisha.

DDNS yenyewe kazi yake ni ndogo. Mtoa huduma wa intaneti mara nyingi humpa mteja anwani ya IP inayobadilika: laini ikikatika na kurudi, au ruta ikizimwa usiku, asubuhi unaweza kukuta anwani nyingine. DDNS ni programu ndogo ndani ya ruta inayotazama anwani ya sasa na kumjulisha mtunza majina kwamba jina fulani sasa liko kwenye anwani fulani. Inaishia hapo. Haifungui porti, yaani mlango wenye namba ambao huduma fulani hupitia, haivuki ruta ya pili iliyokaa mbele yake, wala haikupi anwani ya umma, ile inayofikika kutoka intaneti, kama mtoa huduma hajakupa. Ukiitwisha mizigo hiyo, utailaumu kwa makosa yasiyo yake.

Mpangilio wenyewe

Sitakaa sana hapa, kwa sababu kuweka DDNS ni rahisi kuliko kuitibu.

Kwenye ruta ya MikroTik huhitaji hata akaunti. Fungua menyu ya IP, kisha Cloud, weka alama kwenye DDNS Enabled, au andika kwenye dirisha la amri:

/ip cloud set ddns-enabled=yes
/ip cloud print

Ruta itapewa jina linaloanza na namba yake ya mfululizo (serial number) na kuishia na sn.mynetname.net. Jina hilo ni refu na halikaririki, lakini halilipiwi na halihitaji neno la siri linaloweza kusahaulika. Kwa mteja wa kawaida mimi humwekea hilo, kisha kama ana kikoa chake, namtengenezea rekodi ya CNAME inayoelekea huko ili atumie jina analolikumbuka.

Kwenye TP-Link nenda ukurasa wa Dynamic DNS, chagua mtoa huduma ya majina, kwa mfano No-IP, jaza jina la akaunti, neno la siri na jina kamili la kikoa. Kwenye OpenWrt, mfumo huria wa ruta, weka kifurushi cha ddns-scripts pamoja na luci-app-ddns, kisha chagua mtoa huduma. DuckDNS inapendwa na wengi kwa sababu ni ya bure na inatumia tokeni moja tu, yaani msimbo wa siri. Kiunganishi chake cha kusasisha kina umbo hili:

https://www.duckdns.org/update?domains=JINA&token=TOKENI&ip=

Sehemu ya ip ukiiacha wazi, DuckDNS inachukua anwani ambayo ombi limetokea. Jibu ni OK au KO, hakuna maelezo zaidi. Ukipata KO, kagua jina na tokeni herufi kwa herufi. Usiandike .duckdns.org kwenye sehemu ya JINA.

Anwani tatu

Sasa twende kwenye upimaji. Andika namba tatu kwenye karatasi.

Ya kwanza ni anwani ya WAN, yaani ya upande wa ruta unaotazama intaneti, kama ruta yenyewe inavyoiona. Kwenye TP-Link iko ukurasa wa Status. Kwenye MikroTik angalia IP, kisha Addresses, mstari wa pppoe-out1 au wa porti inayoingiza intaneti.

Ya pili ni anwani ambayo dunia inakuona nayo. Ukiwa ndani ya mtandao huohuo, fungua kwenye kivinjari tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, au andika curl ifconfig.me kwenye kompyuta. Simu iwe imezimwa data na VPN, la sivyo utaandika anwani ya laini ya simu ukidhani ni ya ofisi.

Ya tatu ni ile ambayo jina linaitaja. Kwenye kompyuta yoyote:

nslookup jina-lako.duckdns.org 8.8.8.8

Nimeweka 8.8.8.8, seva ya majina ya Google, mwishoni makusudi, ili jibu litoke nje badala ya kutoka kwenye kumbukumbu ya ruta unayoishuku.

Ya kwanza na ya pili zikitofautiana, tatizo liko kabla ya DDNS na hakuna neno la siri litakaloliondoa. Ya kwanza na ya pili zikifanana lakini ya tatu ni nyingine, hapo DDNS ndiyo mgonjwa. Zote tatu zikifanana, achana na ukurasa wa DDNS kabisa. Nenda kwenye porti, ukuta wa moto na kifaa chenyewe.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba unaweza kukifanya kwa simu, bila kupanda daladala. Mwenye duka Majengo anapiga:

"Fundi, kamera zimegoma tena."

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nipo Dar, sioni kitu."

"Pole mama. Nani yuko dukani?"

"Yupo kijana wangu."

"Mwambie afungue ukurasa wa ruta, apige picha pale palipoandikwa WAN anitumie WhatsApp. Halafu azime data, abaki na waifai ya duka, afungue tovuti ya kuonyesha IP, anitumie na hiyo."

Picha mbili zinaingia. Ya ruta inasema 100.72.14.9. Ya kivinjari inaanza na 203. Hapo jibu limeshapatikana, na jina la DDNS halijaguswa.

Dalili: anwani ya ruta si ile ambayo dunia inakuona nayo

Kwa mtazamo wangu hili ndilo linalowachosha watu kuliko mengine yote, kwa sababu kila kitu kwenye skrini kinaonekana kizima. DDNS inaandika imesasishwa. Jina linajibu. Lakini mlango haufunguki, na hautafunguka.

Tazama namba zinazoanza anwani ya WAN. Kama iko kati ya 10.0.0.0 na 10.255.255.255, au 172.16.0.0 na 172.31.255.255, au 192.168.0.0 na 192.168.255.255, hiyo ni anwani ya ndani kwa mujibu wa RFC 1918, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1996. Haiwezi kufikiwa kutoka intaneti. Kama iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hilo ni kundi lililotengwa mwaka 2012, kupitia RFC 6598, kwa ajili ya watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mfumo huo unaitwa CGNAT.

Sababu yake ni uhaba. IPv4, mfumo wa anwani hizi za namba nne, ina jumla ya anwani takriban bilioni 4.29, na kwa upande wetu wa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, ambayo tangu 2017 imekuwa ikigawa zilizobaki kwa kubana. Mtoa huduma mwenye wateja wengi kuliko anwani alizonazo anawachanganya nyuma ya moja. Ombi likitoka dukani kwako kwenda nje, kifaa chake kinakumbuka limetoka kwa nani na kurudisha jibu. Ombi likianzia nje, kifaa hakijui limlenge nani kati ya wateja wote hao, hivyo linatupwa. DDNS itatangaza anwani ya kifaa hicho kwa uaminifu kabisa, na wageni watafika mlangoni kwa mtoa huduma, si kwako.

Ruta za laini ya 4G, ambazo ndizo tegemeo la wengi walio nje ya mji, kuanzia Marangu hadi Ngaramtoni, kwa kawaida ziko hivi. Faiba inatofautiana kulingana na mtoa huduma na kifurushi.

Lakini usikimbilie kusema CGNAT kabla ya kuangalia kitu kimoja. WAN ikianza na 192.168, mara nyingi kosa liko ndani ya jengo lako mwenyewe: kile kisanduku cha faiba alichofunga mtoa huduma nacho ni ruta, na wewe umechomeka ruta yako nyuma yake. Ruta mbili, tafsiri ya anwani (NAT) mara mbili. Ingia kwenye kisanduku hicho, angalia WAN yake. Ikiwa ni anwani ya umma, una bahati, na dawa ziko mbili. Ya kwanza, omba kisanduku kiwekwe kwenye hali ya daraja, ambako kinapitisha tu, na ruta yako ndiyo inayopiga PPPoE (njia ya kujiunga na mtoa huduma) na kupokea anwani ya umma. Ya pili, kama hawakubali, kwenye kisanduku hicho weka anwani ya ruta yako kwenye sehemu ya DMZ, ili kila kinachoingia kisukumwe kwako. Mimi napendelea daraja, kwa sababu DMZ husahaulika siku kisanduku kinapobadilishwa.

Ukiwa na ruta mbili, hakikisha pia hazitumii mtandao mmoja. Kisanduku kikigawa 192.168.1.x na ruta yako nayo ikagawa 192.168.1.x, utaona vituko ambavyo havifanani na chochote kilichoandikwa hapa. Hamishia yako kwenye 192.168.50.x na usonge mbele.

Kuna alama moja ya ruta mbili inayotambulika papo hapo: nslookup inajibu 192.168.1.2 au namba ya aina hiyo. Maana yake programu ya DDNS imesoma anwani ya WAN ya ruta yako na kuitangaza kama ilivyo. Kwenye OpenWrt badilisha chanzo cha anwani kutoka network kwenda web, ili iulize nje badala ya kujitazama yenyewe. MikroTik haina kosa hili kwa sababu seva yao inasoma anwani ambayo ombi limetokea. Badala yake inakuandikia onyo kwenye IP Cloud: Router is behind a NAT. Onyo hilo lipo pale siku zote na watu hulipita. Lisome.

Ikiwa hata WAN ya kisanduku cha mtoa huduma ni ya ndani au ya 100.64, basi ni CGNAT kweli, na njia ni hizi.

Piga kwa mtoa huduma, omba public IP kwa jina hilohilo, maana ndilo wanalolitumia wenyewe. Usiombe tu "static". Unaweza kuuziwa anwani isiyobadilika ambayo bado ni ya ndani. Unachohitaji ni ya umma. Ikiwa inabadilika si kitu, DDNS ipo kwa ajili hiyo. Mara nyingi kuna malipo ya ziada au kifurushi cha biashara.

Au geuza mwelekeo. Badala ya kungoja mgeni aingie, ruta yako itoke yenyewe kwenda kwenye seva yenye anwani ya umma na kushikilia njia hiyo wazi. WireGuard, programu ya VPN, inafanya hivyo vizuri. Weka keepalive ya sekunde 25 ili kifaa cha mtoa huduma kisisahau njia. Tailscale na ZeroTier zinafanya kazi hiyo bila wewe kukodi seva. MikroTik yenye RouterOS 7.12 au zaidi, kwa ruta za ARM, ARM64 au TILE, ina huduma iitwayo Back To Home inayotumia WireGuard na kupitia seva zao pale ambapo anwani ya umma haipo.

Na kwa yule mama wa Majengo ambaye anachotaka ni kuona kamera nne akiwa Dar, huenda hahitaji DDNS hata kidogo. Mashine nyingi za kurekodi zina huduma ya wingu la mtengenezaji, unasoma msimbo wa QR na kuona picha. Inapita CGNAT kwa sababu mashine ndiyo inayotoka nje. Mpe hiyo, badilisha neno la siri la kiwandani, na umwachie pesa yake ya public IP.

Dalili: ruta ina anwani ya umma, jina linataja ya zamani

Hapa ndipo DDNS ina kesi ya kujibu. Usibadilishe kitu, soma kwanza ruta imejibiwa nini. Watoa huduma ya majina wengi wanatumia maneno yaleyale mafupi yaliyozoeleka tangu enzi za DynDNS, huduma ya zamani ya DDNS, na kila neno lina maana yake.

good maana yake anwani imebadilishwa. nochg maana yake imepokelewa lakini ilikuwa ileile. badauth ni jina la akaunti au neno la siri: kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili au mtoa huduma ametenganisha ufunguo wa DDNS na neno la siri la akaunti, la zamani litakataliwa hata kama tovutini linakubali. notfqdn maana yake umeandika jina nusu, duka badala ya jina lote hadi mwisho wa kikoa. nohost maana yake jina hilo halipo kwenye akaunti hiyo. Ama limefutwa, ama liko kwenye akaunti nyingine. 911 na dnserr ni matatizo upande wao, ngoja.

Neno abuse linahitaji aya yake. Linakuja pale ruta inapotuma maombi mengi bila anwani kubadilika, na jina linafungiwa. Chanzo chake cha kawaida ni skripti iliyopangwa kukimbia kila dakika na kutuma bila kulinganisha. Skripti nzuri inahifadhi anwani ya mwisho, inailinganisha na ya sasa, na inatuma tu zikitofautiana. OpenWrt kwa kawaida inakagua kila dakika 10 na kulazimisha sasisho kila saa 72, ziache hivyo. Jambo jingine linaloleta abuse ni kuwa na programu mbili zinazosasisha jina moja: moja kwenye ruta, nyingine kwenye mashine ya kamera, na fundi aliyeiweka hiyo ya pili hayupo tena. Zima ya mashine.

Sasa lile la Sakina, la umeme. Ruta ndogo nyingi hazina betri ya saa. Umeme ukikatika saa inapotea, ukirudi ruta inaamka ikiamini ni Januari 1970, au tarehe ya zamani iliyohifadhiwa ndani yake, mpaka iulize muda kwenye mtandao. Kama programu ya DDNS inatumia HTTPS na inakagua cheti, cheti cha mtunza majina kitaonekana bado hakijaanza kutumika. Mazungumzo yanavunjika, sasisho linashindwa. Na hapo ndipo umeme huohuo umekuletea anwani mpya, kwa hiyo ruta imeshindwa wakati uleule ilipotakiwa kufanya kazi.

Ukifungua ukurasa wa matukio wa ruta ya namna hii utaona mistari kama:

1970-01-01 00:00:41 PPPoE imeunganishwa
1970-01-01 00:00:52 DDNS: hitilafu ya cheti

Mistari hiyo miwili inatosha. Programu nyingine hujaribu tena baada ya muda na kupona zenyewe, ndiyo maana saa mbili baadaye kila kitu kiko sawa na unaambiwa "ilijitengeneza". Nyingine hukata tamaa mpaka WAN ibadilike tena.

Dawa yake: weka NTP client, yaani ruta ijipatie muda yenyewe, na uipe seva zaidi ya moja. Halafu hakikisha ruta yenyewe, si kompyuta zilizo nyuma yake, inaweza kutafsiri majina. Seva ya muda imeandikwa kwa jina. Ruta isipokuwa na DNS haitaipata, saa haitarekebishwa, na DDNS haitafanya kazi, mnyororo mzima. Kwenye MikroTik weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye IP, kisha DNS, halafu kutoka kwenye dirisha lake la amri piga ping kwa jina. Ikijibu, endelea. Na kama umeme wa mtaa wako unakatika mara kwa mara, UPS ndogo ya kushikilia ruta na kisanduku cha faiba ina thamani kuliko mpangilio wowote, maana inazuia hata anwani kubadilika bila sababu.

Kwa MikroTik ambayo IP Cloud yake imekwama kwenye updating au inaleta kosa, angalia kama ukuta wa moto unazuia ruta kutoka kwa UDP porti 15252. Ndiyo inayotumika. Fundi anayefunga kila kitu kinachotoka, akiruhusu 80 na 443 tu, anaifunga na hii bila kujua. Ukishaifungua, andika /ip cloud force-update na usome hali tena.

Dalili: anwani zote tatu zinafanana, bado hapafunguki

Toka kwanza kwenye waifai ya ofisi. Ruta nyingi haziwezi kumrudisha ndani mtu aliye ndani anayegonga kupitia anwani ya nje. Kinachohitajika ni mpangilio wa kurudisha, ambao MikroTik na OpenWrt zinao lakini ruta nyingi za bei nafuu hazina. Jaribu ukitumia data ya simu. Ikifunguka, kazi yako imeisha, na unachodaiwa ni kumweleza mteja kwamba akiwa dukani atumie anwani ya ndani.

Isipofunguka, angalia kama mashine ya kamera bado ina anwani ileile ya ndani. Umeme umerudi, DHCP, inayogawa anwani za ndani, imegawa upya, mashine iliyokuwa 192.168.50.20 sasa ni 192.168.50.23, na ruta inaendelea kupeleka wageni kwa 20, ambayo leo ni printa. Ifungie mashine anwani yake kwa kutumia MAC, namba ya utambulisho ya kifaa, kwenye DHCP, kisha urekebishe sheria ya porti. Hakikisha pia umeelekeza porti sahihi: mashine za Hikvision hutumia 8000 kwa programu ya simu, za Dahua hutumia 37777, na 80 ni ya kivinjari tu. Baadhi ya watoa huduma huzuia 80 kuingia kwa wateja wa nyumbani. Tumia namba ya juu kwa nje, kwa mfano 48080, uielekeze kwenye 80 ya ndani.

Na hapa nina ombi la dhati kwa kila fundi anayesoma. Kabla ya kuacha porti wazi, fikiria kilicho nyuma yake. Tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn, ileile iliyolifanya neno DynDNS lijulikane, iliangushwa na shambulio la Mirai, programu hasidi inayoteka vifaa, na tovuti kubwa kama Twitter zikapotea kwa saa kadhaa kwa watu wengi. Jeshi lililotumika lilikuwa kamera, mashine za kurekodi na ruta zilizoachwa na maneno ya siri ya kiwandani. Mwaka 2018 likaja pengo la Winbox, programu ya kusimamia ruta za MikroTik, lililosajiliwa kama CVE-2018-14847, lililoruhusu mtu wa nje kuchota maneno ya siri ya MikroTik kupitia porti 8291. Jina la DDNS huwasaidia wenye nia njema na wenye nia mbaya sawasawa. Usifungue 8291 kwa dunia nzima. Ukiwa na anwani ya umma, weka WireGuard kwenye ruta, fungua porti yake moja tu ya UDP, na mteja aingie kwa hiyo kabla ya kuona kamera. Ni kazi ya ziada ya dakika chache kwenye simu ya mteja, na jina la DDNS bado lina kazi: ndilo WireGuard ya simu inaloliita.

Kumbuka tu kwamba WireGuard hutafsiri jina pale inapowashwa. Anwani ikibadilika wakati simu imeunganishwa, njia inakufa kimya mpaka uizime na kuiwasha. Mwambie mteja hivyo siku ya kwanza.

Dalili: inafunguka kwa mmoja, inakataa kwa mwingine

Huyu ni wa Usa River. Anza na kumbukumbu ya majina. Kila rekodi ina muda wake wa kukumbukwa. DuckDNS na IP Cloud wanatumia sekunde 60, lakini kikoa chako mwenyewe kinaweza kuwa kimeachwa kwenye saa nzima au zaidi. Simu iliyouliza kabla anwani haijabadilika itaendelea na ya zamani, iliyouliza baadaye itapata mpya. Zima na kuwasha hali ya ndegeni kwenye simu, au kwenye Windows andika ipconfig /flushdns. Kisha punguza muda huo kwenye kikoa chako.

Kama tofauti inadumu siku nzima, angalia IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani. Uliza:

nslookup -type=AAAA jina-lako

Likirudi jibu, jina lako lina anwani mbili, ya IPv4 na ya IPv6. Simu yenye IPv6 huanza na hiyo, inakutana na ukuta wa moto, kwa sababu sheria ulizoandika ni za IPv4 peke yake. Programu nyingine hurudi kwenye IPv4 zenyewe, nyingine haziwezi. Ama fungua porti kwa upande wa IPv6 kwa kifaa husika, ama iondoe rekodi ya AAAA, yaani ya IPv6.

Dalili: inakufa kila faiba ikianguka, hairudi faiba ikirudi

Ofisi nyingi za Arusha zenye wateja wa nje zimeweka laini mbili, faiba na 4G ya akiba. Faiba ikianguka, DDNS inatangaza anwani ya 4G, ambayo iko nyuma ya CGNAT. Hilo halina dawa ya DDNS. Tatizo ni pale faiba inaporudi na jina linabaki kwenye 4G. Programu iliyofungwa kwenye tukio la WAN kuunganika inaweza isione badiliko lolote, kwa sababu faiba iliyumba mbele huko bila PPPoE kuvunjika. Ifunge DDNS kwenye laini ya faiba peke yake, au tumia majina mawili, kila laini na lake. Pia hakikisha majibu yanatoka kwa laini iliyoleta ombi. Kwenye MikroTik hiyo ni kazi ya kuweka alama kwenye miunganiko inayoingia na kuipa njia yake. Bila hivyo jina litakuwa sahihi, porti itakuwa wazi, na jibu litaondokea upande wa 4G na kupotea.

Dalili: ilikuwa nzima mwezi mzima, ghafla jina halipo

nslookup haitoi anwani ya zamani; inasema jina halipo kabisa. Kwa majina ya bure ya No-IP, mwenye akaunti anatakiwa kulithibitisha kila siku 30 kupitia barua pepe anayotumiwa. Asipobofya, jina linaondolewa. Mara nyingi barua hiyo inakwenda kwa fundi aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake, naye alishahamia mji mwingine. Fungua akaunti mpya kwa barua pepe ya mwenye duka, akiwa amekaa pembeni yako, aandike neno la siri mwenyewe. Weka jina jipya kwenye ruta, ngoja jibu la good, linganisha tena zile anwani tatu, kisha ubadilishe jina kwenye kila simu iliyokuwa na lile la zamani, kuanzia ya mwenye duka hadi ya mlinzi wa zamu.